Splinti za mguu unaoburuta baada ya mionzi ya nyonga: ipi ya kununua, ipi ya kuacha dukani

Kiatu huwahi kusema kabla ya mguu. Ncha ya soli inalika kwa mbele, kandambili inachomoka njiani na mwenyewe hana habari, na kwenye barabara za vumbi za Chang'ombe au Nkuhungu, Dodoma, mguu unaacha mchirizi mahali pa alama ya unyayo. Kwa mwanamke aliyemaliza mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi miaka mitatu iliyopita, au minane, au hata kumi na mitano, hilo linaweza kuwa jeraha la mishipa ya fahamu lililochelewa kujitokeza. Wengi wakifika hapo huingia duka la vifaa tiba na kuuliza "kile kiatu cha plastiki". Hicho ndicho tunachokitathmini hapa, pamoja na ndugu zake wawili: mkanda wa mpira unaonyanyua vidole, na splinti ya kutengenezwa kwa kipimo, ambayo mafundi wenyewe huiita AFO.

Kwanza mguu wenyewe, maana splinti nzuri kwa aliyepata kiharusi inaweza kuwa mbaya kwa huyu. Mionzi ya nje ya nyonga kwa kawaida hutolewa Gray (kizio cha dozi ya mionzi) 45 hadi 50, kwa mikupuo ipatayo 25, kisha ikafuata mionzi ya ndani. Mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni hupita katikati ya eneo hilo hilo. Haifi siku ile. Kovu hujijenga polepole kuizunguka, vimishipa vidogo vya damu vinavyoilisha husinyaa, na ganda la mafuta linaloifunika huchakaa. Ndiyo maana udhaifu huja miezi au miaka mingi baadaye, tena mara nyingi bila maumivu makubwa, na mara nyingi miguu yote miwili huguswa hata kama mmoja ulitangulia. Ngozi ya muundi na wayo haikupigwa mionzi. Ipo salama ila imepoteza hisia. Mguu huo huo huwa na uvimbe wa maji, kwa sababu tezi za limfu za nyonga nazo zilipigwa au zilitolewa. Kwa hiyo splinti inafungwa juu ya mguu dhaifu, wenye ganzi, unaobadilika unene kutwa. Vifaa vingi vya dukani havikubuniwa kwa mguu wa namna hiyo.

Usinunue chochote kabla daktari hajauona mguu. Saratani ikirudi ndani ya nyonga nayo hulegeza mguu, ila yenyewe kwa kawaida huanza na maumivu makali, upande mmoja, na uvimbe unaoongezeka haraka. Picha ya MRI ndiyo inayotenganisha vizuri zaidi. Kipimo cha umeme wa misuli kikionyesha misuli inayochezacheza yenyewe kwa mapigo ya makundi makundi, mshukiwa mkuu ni mionzi. Na mguu kudondoka una sababu nyingine zisizohusiana na saratani hata kidogo: sindano ya takoni iliyokosea mahali, kisukari, au kuchuchumaa saa nyingi wakati wa kupalilia karanga, ambako hubana mshipa wa fahamu unaopita ubavuni mwa goti. Huo wa kuchuchumaa mara nyingi hupona wenyewe baada ya wiki au miezi. Ganzi ya miguu yote miwili kama umevaa soksi, bila mguu kudondoka, huelekea zaidi kwenye dawa za saratani kama cisplatin. Wenye ganzi hiyo hawahitaji splinti. Wanahitaji viatu vizuri na kuikagua miguu kwa macho.

Tuanze na mkanda wa mpira. Ni kifaa chepesi: bangili ya kitambaa inayofungwa juu ya kifundo, kipande bapa cha plastiki kinachopita chini ya kamba za kiatu, na mpira unaounganisha viwili hivyo. Ukitembea, mpira unavuta ncha ya kiatu juu. Kwa mguu ambao bado unaweza kunyanyua vidole ukiwa umekaa ila unachoka baada ya mita mia mbili, hiki ndicho cha kuanza nacho, na tunakipa nne kati ya tano. Hakigusi wayo, hakibani kigimbi, na uvimbe ukiongezeka jioni unalegeza bangili tu. Udhaifu wake ni viatu. Kinahitaji kiatu cha kamba chenye matundu imara. Kwenye kobazi au yeboyebo hakina pa kushika. Hakizuii kifundo kupinda kwa ndani, kwa hiyo kama mguu unapinda kwenye kokoto, sahau. Mpira nao huchoka. Ukiona ncha ya kiatu imeanza tena kugusa chini wakati mguu wenyewe haujabadilika, pima mpira mpya kabla ya kudhani ugonjwa umeongezeka.

Sasa ile splinti ya plastiki ya dukani, yenye umbo la herufi L, imepakiwa kwenye nailoni, saizi ndogo, ya kati na kubwa, kulia au kushoto. Ndiyo inayouzwa zaidi na ndiyo tunayoisifu kidogo zaidi. Plastiki yake ni nyembamba nyuma ya kifundo ili iweze kupinda kidogo wakati wa kutembea, na kwa mguu mkavu, wenye hisia zote, hufanya kazi yake vizuri. Kwa mguu wa mionzi inakwama mahali patatu. Kingo zake zilikatwa kwa mguu wa wastani, kwa hiyo kwa mtu mfupi ukingo wa juu hugota pale chini ya goti upande wa nje, juu ya mshipa wa fahamu ule ule ambao tayari ni mgonjwa. Mkanda wake wa juu ni mmoja na mwembamba. Uvimbe ukipanda unageuka kamba ya kufungia mzigo. Na kisigino kisipokaa sawasawa, mtu mwenye hisia angelalamika ndani ya dakika tano, lakini mwenye ganzi hutembea nayo hadi sokoni na kurudi, akaja kugundua damu kwenye soksi.

Kama hali inalazimisha kuinunua, ipimie dukani, usiipimie nyumbani. Njoo na kiatu utakachokivaa na soksi ndefu ya pamba isiyo na mshono mnene. Kaa, ingiza kisigino kwanza hadi kigote nyuma, funga mkanda wa kifundo kabla ya wa juu. Simama. Pitisha kidole chini ya ukingo wa juu, upande wa nje: kuwe na nafasi ya vidole viwili kutoka kwenye kile kifupa kilichojitokeza chini ya goti. Tembea kama robo saa ndani ya duka, muuzaji akinuna mwache anune. Vua, angalia ngozi yote, nyuma ya kisigino na vifundo pande zote mbili. Wekundu ni kawaida. Wekundu usiokwisha baada ya dakika 20 hadi 30 maana yake saizi au umbo halifai, na hakuna sponji ya kubandika itakayolirekebisha hilo. Sponji huongeza unene mahali ambapo tayari pamebana.

Ile ya kutengenezwa kwa kipimo ni jambo jingine kabisa, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu ubora wake hutegemea fundi zaidi ya plastiki, na mteja anayejua hatua humwona fundi anayeruka hatua. Mguu huvalishwa soksi nyembamba. Fundi anagusa na kuweka alama kwa penseli ya rangi kwenye kila mfupa uliojitokeza: chini ya goti kwa nje, vifundo viwili, mfupa wa upinde wa wayo kwa ndani, na ule wa nyuma ya kidole kidogo. Anaweka utepe wa plastiki mbele ya muundi, anazungushia bandeji za plasta kama anayefunga hogo, kisha anashika wayo kwa mkono mpaka plasta ikaze, kifundo kikiwa nyuzi 90 na kisigino kikiwa wima. Dakika hizo chache ndizo zinazoamua kila kitu. Kisigino kikilala ndani hapo, splinti itakilaza hivyo hivyo miaka yote.

Plasta inakatwa kufuata utepe, inavuliwa kama ganda, inafungwa tena na kujazwa plasta ya maji. Likitoka lile umbo la mguu, fundi analipiga tupa na kuongeza milimita kadhaa za plasta juu ya kila alama ya mfupa, ili plastiki isije ikagusa hapo. Kisha karatasi ya polipropileni, yenye unene wa milimita 4 au 5, inaingia kwenye oveni hadi weupe wake ugeuke uangavu, inafunikwa juu ya umbo na hewa inanyonywa ili ishike. Iachwe ipoe vizuri, ikiwezekana usiku kucha. Ikivuliwa bado ina joto hujikunja yenyewe, na mgonjwa analaumiwa kwamba mguu wake ndio umebadilika.

Swali ambalo karibu hakuna mteja analiuliza ni hili: kingo za kifundo zinakatwa wapi? Zikipita nyuma ya vifundo, splinti inapinda kidogo. Zikipita mbele yake, inakuwa ngumu kama ubao. Fundi akiona mguu umelegea sana huelekea kwenye ngumu, na kwa wengi ni sawa. Lakini jeraha la mionzi ya nyonga halichagui misuli ya chini peke yake; misuli ya paja nayo huwa dhaifu. Splinti ngumu iliyowekwa nyuzi 90, au iliyoinamishwa mbele kidogo, hulisukuma goti mbele kila kisigino kinapogusa chini. Paja likiwa na nguvu linazuia. Paja likiwa dhaifu goti linakunjika, na mtu anaanguka akiwa amevaa kifaa cha kumzuia asianguke. Kwa huyo kifundo huelekezwa chini kwa nyuzi chache, ili goti lisukumwe nyuma. Hivyo kabla ya plasta, mtaalamu wa mazoezi tiba apime nguvu za paja, kwa ile mizani ya 0 hadi 5, na namba iandikwe kwenye karatasi ambayo fundi ataisoma. Kuanguka hapa si jambo la aibu tu: mifupa ya nyonga iliyopigwa mionzi hupoteza uimara na huweza kupata nyufa hata kwa kishindo kidogo.

Uvimbe nao una kanuni yake. Kipimo kichukuliwe asubuhi, na kama mtu huvaa soksi ya kubana kila siku, apimwe akiwa ameivaa. Wanaosafiri kutoka Dodoma kwa ajili ya kipimo, iwe Dar es Salaam kwenye hospitali ya CCBRT au Moshi kwenye karakana zilizo jirani na TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na splinti kilichopo pale hospitali ya KCMC tangu 1981, wasipimwe siku ile ile waliyoshuka kwenye basi. Mguu uliokaa saa nane kwenye kiti umenenepa. Lala, amka, nyanyua mguu, ndipo uende. SGR imefupisha safari ya Dar tangu 2024, na anayefuatiliwa hospitali ya saratani ya Ocean Road anaweza kuunganisha kliniki ya marudio na kipimo; ahesabu tu safari mbili, ya kupimwa na ya kujaribisha, kwa sababu splinti inayokabidhiwa bila kujaribishwa na kupunguzwa kingo mbele ya mwenye mguu haijakamilika. Kabla ya kufunga safari, uliza kwanza idara ya mazoezi tiba ya hospitali ya karibu kama kuna fundi anayefika au karakana iliyo jirani.

Alama? Ikitengenezwa hivyo, tano kati ya tano kwa mguu usionyanyuka kabisa na uvimbe uliotulia. Kwa mguu ambao unene wake unapishana sana asubuhi na jioni, tunashusha hadi tatu, na tungeshughulikia uvimbe kwanza. Uvimbe mpya wa ghafla wenye kigimbi kinachouma na joto, huo ni wa hospitali siku hiyo hiyo, unaweza kuwa damu iliyoganda.

Siku ya kwanza splinti ivaliwe saa moja, ivuliwe na ngozi ikaguliwe kwa kioo kidogo au na mtu wa nyumbani. Siku zinazofuata iongezwe saa moja moja. Asiruke hatua kwa sababu "haiumi". Haiumi kwa sababu ya ganzi.

Viatu vya kuvalia splinti vinapatikana kwa urahisi kwenye mitumba ya Sabasaba kuliko kwenye maduka ya viatu vipya, na si kwa sababu ya bei peke yake. Unachotafuta ni kiatu kipana, chenye ulimi unaofunguka hadi karibu na vidole, na soli ya ndani inayotoka. Toa soli hiyo upande wa splinti, iache upande wa pili. Raba za kiume mara nyingi huingia vizuri kuliko za kike. Ukubwa uongeze namba moja, ikizidi hapo mguu mzima unaogelea. Kisigino cha kiatu kisibadilike kimo baada ya splinti kutengenezwa: ukihama kutoka raba bapa kwenda kiatu chenye kisigino cha sentimita tatu, splinti nzima inainama mbele na lile tatizo la goti linarudi.

Kuna mambo ambayo muuzaji hayasemi, pengine kwa sababu hajawahi kuishi nayo. Splinti ngumu haichuchumai. Kwenye choo cha shimo, vua kwanza au weka kigoda chenye tundu. Wapo walioanguka hapo. Kwa udhu na sijida inavuliwa, hivyo velkro hufaa kuliko kamba au bizimu. Jua la Oktoba nalo lina lake: plastiki ikiachwa kwenye dashibodi ya gari au ikaegeshwa karibu na jiko la mkaa inaweza kupinda kidogo, na kupinda kidogo kunatosha kuleta kidonda. Ukiona mstari mweupe umejitokeza nyuma ya kifundo, plastiki imechoka hapo na itakatika, kwa kawaida katikati ya hatua. Rudi kwa fundi; haiungwi kwa gundi wala kwa msumari wa moto.

Duka lile lile litakuonyesha vitu vingine. Mfuko wa maji ya moto kwa ajili ya "kuamsha mishipa" ni njia fupi ya kuungua bila kujua, uache. Mashine ya kutetemesha nyayo haina madhara makubwa ila haina kazi. Vidonge vya vitamini B vina maana kama kipimo kimeonyesha upungufu, au kwa anayetumia isoniazid ya kifua kikuu, ambaye hupewa B6. Havirudishi mshipa uliofungwa na kovu. Hata dawa zilizopimwa kwa umakini zimeshindwa hapo. Uingereza walijaribu kuvutisha oksijeni ndani ya chumba cha shinikizo kwa watu 34 wenye jeraha la mishipa ya mkono baada ya mionzi ya titi, matokeo ya 2001 hayakuonyesha kuuzuia udhaifu. Ufaransa walijaribu pentoxifylline pamoja na vitamini E na clodronate, na kwa matokeo ya 2020 mchanganyiko huo haukukipiku kidonge kisicho na dawa. Maumivu ya kuwaka moto usiku yanatulizwa, mara nyingi kwa amitriptyline ya kuanzia miligramu 10 au 25 wakati wa kulala, au gabapentin, lakini hayo ni ya daktari, na amitriptyline huleta kizunguzungu cha kuamkia, jambo la kuliangalia kwa mtu ambaye mguu wake hauaminiki.

Mguu wa mionzi hausimami mahali pamoja. Kipimo cha nguvu na splinti vipitiwe upya kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Splinti iliyokuwa sawa Januari inaweza kuwa laini mno Agosti, na aliyeanza na mkanda wa mpira anaweza kuhitaji plastiki mwaka unaofuata.

Mikanda ndiyo inayokufa kwanza, na Dodoma inakufa mapema kwa vumbi. Upande wa velkro wenye meno hujaa nyuzi na mchanga. Uchambue kwa sindano au mswaki mkavu kila wiki. Ukishindwa kushika kabisa, fundi cherehani yeyote wa Majengo anaweza kushona mpya. Mwambie aache upana ule ule wa zamani au azidishe, asipunguze, na upande wa meno uwe juu ukitazama nje, usiguse ngozi.